Dhambi za Kuazima

Jumapili ile Jonah Kipyegon aliposimama mbele ya kanisa akatubu ulevi wa miaka mingi, mkewe Janeffer alidhani masikio yake yameingia maji. Alimgeukia mama aliyeketi naye benchi moja akamwuliza anayesema ni nani. Yule mama akamjibu ni Baba Kimeli, mumeo, kisha akamfinya mkono kwa huruma kama mtu anayempa pole mfiwa.

Ulevi. Janeffer alikuwa ameishi na Jonah tangu alipotoka shule, na pombe pekee aliyowahi kumwona nayo ni ile waliyopewa wazee waliokuja kupanga mahari. Jonah aliishika mkononi mpaka nzi wakaiogelea, halafu akaimwagia migomba alipodhani hakuna anayemwona. Hata maziwa ya mursik yakikaa sana kwenye kibuyu yakachachuka, alilalamika kwamba kichwa kinamzunguka. Sasa mtu huyohuyo alikuwa amesimama pale mbele, koti la kiwandani likimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari, akieleza jinsi alivyokuwa akilala mitaroni Silibwet huku mbwa wakimlamba midomo. Watu walilia. Mama mmoja alianguka sakafuni. Mchungaji Gekara akamkumbatia Jonah na kumkalisha kiti cha mbele, kile chenye kitambaa.

Walipofika nyumbani Janeffer alimwuliza hayo yalitokea lini, maana yeye hakumbuki.

"Mama Kimeli, mambo ya rohoni huwezi kuyaelewa," Jonah akasema. "Kuna ulevi wa chupa na kuna ulevi wa moyo."

"Na wale mbwa? Nao walikuwa wa moyo?"

Jonah alimpa mgongo. Aliingia chumbani akavua viatu polepole, kama mgonjwa.

Kwa miaka mingi Jonah alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai kilichokuwa bondeni, chini ya kijiji chao. Alikaa ghorofa ya juu, ambako majani mabichi hutandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu ili yapulizwe hewa yanyauke, na kazi yake ilikuwa kuyageuza. Hakuwahi kufika amechelewa, wala hakuwahi kugombana na mtu, na hata wale waliokula naye chakula cha mchana hawangeweza kukueleza anapenda nini. Alikuwa mtu wa kuomba ruhusa. Ungedhani hata kukohoa aliombea ruhusa. Tena aliogopa giza, si kidogo. Aliamini kwamba fisi wote wa nchi ile wana habari zake. Zamu ya usiku aliikataa mpaka msimamizi akachoka kumlazimisha, na zamu ya mchana ilipochelewa kutoka, Janeffer alishuka mlima na tochi kumngoja getini. Walinzi walimzoea. Walimwita askari wa Jonah.

Kisha kiwanda kikapunguza watu. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mahali palikuwa panapunguza watu. Jonah aliletwa nyumbani na mkono wa heri, blanketi na saa ya ukutani. Akaitundika saa, akakaa chini yake. Janeffer ndiye aliyechuma majani ya shamba lao, akayabeba mgongoni hadi kituo cha kupimia, akakamua ng'ombe, akapeleka maziwa sokoni Silibwet. Jonah alikaa jikoni akiuliza kama chai iko tayari. Ng'ombe walimtazama kama mgeni aliyechelewa kuaga.

Hali ilikuwa hivyo Mchungaji Gekara alipoingia Silibwet na hema lake, vipaza sauti vyake, na jenereta iliyonguruma kuliko maombi. Hema likageuka kanisa la mabati. Katika kanisa hilo ushuhuda ndio uliokuwa na mafuta. Mtu aliyekuwa na dhambi nzito alisikilizwa kimya, akaombewa, akalishwa kuku nyumbani kwa mchungaji, akapelekwa kwenye mikutano ya Longisa na kwingineko kusimulia tena. Mtu wa dhambi ndogo aliambiwa asante, keti. Jonah aliwahi kujaribu. Alisimama akatubu kwamba akiwa darasa la nne aliiba rula ya mwenzake. Watu wakasema amina jinsi mtu anavyofukuza inzi, na mchungaji akamwita anayefuata kabla Jonah hajamaliza kueleza rula ilikuwa ya rangi gani. Alirudi kwenye benchi masikio yakimchoma. Majuma machache baadaye ndipo akaja na ulevi.

Janeffer alimdharau, lakini alimwacha. Alijiambia kwamba mwanamume anayezunguka akihubiri angalau hayuko jikoni. Kwa kweli nyumba ilipumua. Jonah aliondoka asubuhi na Biblia kwapani, akarudi jioni kabla ya jua kuzama, bila shaka, akiwa na kipande cha kuku kwenye gazeti. Akaanza kutembea kifua mbele. Akanunua tai. Watoto wa sokoni walimwiga, maana alipochangamka mbele ya maiki ulimi wake ulirudi kwa mama yake, dhambi ikawa tampi: "Mimi nilikuwa mtu wa tampi! Tampi kupwa!" Waliimba hivyo nyuma yake, naye aliwapungia mkono akidhani wanamsifu.

Tatizo la ulevi ni kwamba kila mtu alikuwa nao. Baada ya miezi kadhaa ukachuja, na Jonah akaongeza kupiga mke. Juma hilohilo akina mama wa kanisa wakamjia Janeffer na mkate na sukari. Walikaa wakamtazama kwa macho ya maji, wakamwomba awaonyeshe makovu. Janeffer akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Jonah anipige mimi?" akasema. "Jonah akikuta jogoo amesimama mlangoni hupitia dirishani."

Wakatazamana wakatikisa vichwa. Mmoja akasema kwa upole kwamba hivyo ndivyo wake wote waliopigwa wanavyosema, wanawafichia waume zao. Wakaona alama kwenye mkono wake, mahali alipochomwa na pembe ya ng'ombe, wakalia. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Mwishowe aliwashukuru kwa mkate, akawafungulia lango, akarudi kwenye ng'ombe wake akiwa na hasira asiyojua aimwage wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba uongo wa Jonah una miguu, unaweza kuingia ndani ya nyumba ukakaa kwenye kiti.

Bado hakufanya kitu. Majani yalikuwa mengi msimu ule, na mgongo ni mmoja.

Kilichoharibu kila kitu ni mkutano wa Longisa. Mchungaji alikuwa amempata jambazi aliyeokoka, mtu mwenye kovu la panga kutoka sikioni hadi kidevuni, aliyesimulia jinsi alivyovunja maduka hadi Narok. Watu walimsikiliza bila kupepesa. Jonah aliyekuwa afuate alijua kwamba baada ya kovu lile ulevi wake utasikika kama rula. Kwa hiyo alipopewa maiki alitubu uzinzi.

Hakutaja jina. Alisema tu kwamba alipokuwa kiwandani, usiku baada ya usiku, alikuwa akiingia kwa mke wa mtu kwenye nyumba za wafanyakazi, mume akiwa kazini kwenye boila. Watu wakaguna, naye akanogewa. Akasema mwanamke mwenyewe alikuwa mtu wa kutoka ziwani, mrefu, mwenye pengo la mbele, mlango wa tatu kutoka bombani.

Katika nyumba zile kulikuwa na mwanamke mmoja tu wa aina hiyo. Aliitwa Jerusa, mke wa Opiyo wa boila. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa Longisa siku hiyo alirudi na habari hata kabla Jonah hajafika kwake, na kesho yake asubuhi godoro la Jerusa lilikuwa nje kwenye matope, pamoja na sufuria zake na mtoto wao Molly akiwa amekalia ndoo.

Jerusa hakwenda kwa ndugu zake. Alipanda mlima hadi kwa Janeffer, godoro kichwani, mtoto akimfuata nyuma. Janeffer alikuwa akimenya viazi. Walijuana kwa kusalimiana tu, huko getini.

"Mama Kimeli, sikuja kupigana," Jerusa akasema akiwa bado amesimama. "Nimekuja unitazame usoni, halafu uniambie kama unaamini."

Janeffer aliuliza aamini nini. Jerusa akamweleza yote, bila kulia, jinsi mtu anavyoeleza njia kwa mgeni. Alipofika mahali pa usiku baada ya usiku, Janeffer alianza kucheka. Halafu akaliona godoro, lililolowa upande mmoja, akanyamaza. Akampokea, akaliegemeza ukutani juani.

"Siwezi kuamini hata nikilazimishwa," akasema. "Huyo mtu usiku haendi hata choo bila mimi."

Jerusa akaketi. Akasema kuna kitu kimoja tu anachotaka kujua, kwa nini Jonah alimchagua yeye kati ya wanawake wote wa kiwanda. Janeffer hakujua. Waliwaza wote wawili, kisu na viazi vikiwa kimya, mpaka Jerusa akakumbuka. Siku moja ya mvua kubwa alimkuta Jonah amejibanza chini ya paa la bohari, analowa, akamwazima mwavuli. Alimwuliza pia kama mke wake hajambo. Basi. Hayo tu.

Janeffer aliona aibu iliyomchoma zaidi ya uongo wenyewe. Mwanamke mmoja katika dunia nzima alikuwa amemwonea mumewe huruma, naye mumewe akamlipa hivi.

Jioni hiyo Jonah aliingia uani akiwa amebeba jogoo hai, zawadi ya watu wa Longisa. Aliwakuta wanawake wawili wakichambua maharagwe kwenye ungo mmoja. Alisimama palepale. Jogoo akamponyoka mkononi, akakimbilia chini ya ghala, na hakuna aliyemfuata.

Alipoweza kusema, alichosema ni kwamba yeye hakutaja jina la mtu.

"Ulitaja pengo," Janeffer akamwambia. "Ukataja kazi ya mumewe. Ukataja mlango wa tatu kutoka bombani. Jina ulilibakisha la nini?"

Alimwambia kesho ashuke bondeni akamweleze Opiyo kwamba amesema uongo. Jonah akasema haiwezekani. Akaeleza, akijikuna shingo, kwamba kuna watu walioacha dhambi zao kwa sababu ya ushuhuda ule, na kwamba akiugeuza watarudi nyuma, na damu yao itakuwa juu yake. Alisema haya akimtazama Janeffer peke yake. Kwa Jerusa hakugeuza macho hata mara moja. Baadaye Jerusa alikuja kusema kwamba hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba mtu aliyedai kuujua mwili wake alishindwa kumtazama uso.

Kijiji kilipata chakula cha mdomo. Wengine walisema Jonah ameleta mke wa pili, wengine wakasema Janeffer amelishwa kitu. Mchungaji Gekara naye akaja, kwa gari, akapewa chai. Janeffer alimweleza kila kitu tangu mwanzo. Mchungaji alisikiliza hadi mwisho, akifuta sahani kwa kipande cha chapati, kisha akasema kwamba shetani hupenda kujificha ndani ya vitu vidogovidogo, na kwamba lililo muhimu ni matunda. Halafu akamgeukia Jerusa kwa sauti ya kubembeleza. Alikuwa na wazo. Jumapili ijayo Jerusa aje kanisani, asimame, naye atubu. Opiyo aalikwe. Mbele ya ushuhuda wa pande mbili hakuna mume asiyesamehe, nyumba itapona, na jina la Bwana litainuliwa.

"Nitubu nini, Mchungaji?" Jerusa akauliza.

"Wewe tubu tu, mama. Mungu atajua ni nini."

Jerusa aliinuka akakusanya vikombe, pamoja na kile cha mchungaji kilichokuwa bado na chai nusu. Janeffer alimtazama yule mtu wa Mungu, shingo yake laini na tai yake ya hariri, akaona kwamba Jonah alikuwa amempata mwalimu wake hasa. Akamwambia vizuri, waalike watu. Atakayesimama atakuwepo.

Jumamosi alishuka bondeni kumwona Opiyo. Alimkuta nje ya mlango akipika ugali vibaya. Hakumlaumu wala hakumbembeleza. Alimwambia kesho aje kanisani Silibwet, na kama ana wenzake wa kiwandani waliosikia habari ya Longisa, aje nao, maana kilichosemwa hadharani kinajibiwa hadharani. Opiyo akasema hana haja ya kusikia tena. Janeffer akamwambia basi aje asikie kwa mara ya mwisho.

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mchungaji alikuwa ametangaza ushuhuda wa ajabu, na waliokuwa na ng'ombe waliwaacha wajichunge. Jonah alikaa kiti cha kitambaa, mikono katikati ya magoti. Opiyo na wenzake walisimama nyuma karibu na mlango, kofia vichwani, kuonyesha kwamba hawakuja kuomba. Wimbo ulipokwisha mchungaji alimwita Jerusa. Aliyekwenda mbele ni Janeffer. Mchungaji alisita, halafu akatabasamu, kwa kudhani kwamba mke aliyepigwa sasa amevunjika moyo wake mgumu. Akampa maiki kwa mikono miwili.

Janeffer hakuwahi kuishika tangu azaliwe. Aliishika mbali na mdomo kama mtu anayeshika kuni yenye moto.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mimi ni Mama Kimeli. Nimekuja kutoa ushuhuda wa mume wangu, kwa sababu yeye wake hautoi. Mume wangu hana dhambi."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ameteleza ulimi. Akangoja watulie.

Akasema Jonah hajawahi kulewa, na kama kuna mtu katika kanisa hili aliyewahi kunywa naye, asimame. Hakuna aliyesimama, ingawa walikuwapo walevi wa kutosha, na baadhi walikuwa wameanza kukunja nyuso wakijaribu kukumbuka. Akasema Jonah hajawahi kumpiga, na si kwa sababu ya upendo. Akainua mkono, akaonyesha kovu, akamtaja ng'ombe aliyelileta kwa jina, Sirtoi, ambaye nusu ya wale akina mama walinunua maziwa yake. Wale waliolilia kovu lile wakainama wakatafuta kurasa kwenye Biblia zao.

Kisha akamtafuta Opiyo kwa macho, kule nyuma.

"Baba Molly, wewe umefanya kazi ya usiku kiwandani miaka mingapi, sijui. Lakini jioni ulipokuwa ukiingia, ulikuwa unanikuta wapi?"

Opiyo alivuta kofia usoni.

"Ulinikuta getini na tochi. Nimekuja kumchukua huyu, kwa sababu anaogopa kupanda mlima peke yake. Ulinicheka. Siku moja ukaniuliza kama nimeleta na nepi. Sasa niambie, huyu ambaye jua likizama anashikwa mkono, alipita saa ngapi gizani kuja kwako? Au ni mimi nilimleta nikamngoja nje?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Opiyo mwenyewe, kicheko kilichomtoka bila kuombwa, kwa kuwa aliliona lile geti, ile tochi, na Jonah akikimbilia mwanga kama kifaranga. Wenzake wakafuata, maana nao walikuwa wakipita pale. Halafu kanisa zima. Watu waliinamiana. Mpiga kinanda aliweka kichwa juu ya kinanda kikalia chenyewe. Katikati ya kelele ile Opiyo peke yake aliacha kucheka. Alivua kofia, akaishika mbele ya tumbo, akawa anatazama chini.

Ndipo Jonah akainuka. Kama angesema ni kweli, nilidanganya, labda wangemhurumia, hata Janeffer labda. Lakini Jonah alilia akasema yeye ni mwenye dhambi. Alisema mke wake hajui, hakuna anayejua, alikuwa akiamka yeye amelala, alikuwa akipita shambani, alikuwa mtu mbaya sana, mbaya kuliko wanavyodhani. Alijipiga kifua akiapa. Aliwasihi wamwamini. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyocheka, mpaka mzee mmoja aliyekaa mbele akamwambia kwa upole, kwa Kikipsigis, mwanangu, keti, wewe ni mtu mzuri. Jonah aliketi kama aliyepigwa rungu.

Mchungaji Gekara aliomba jenereta iwashwe na wimbo uimbwe.

Opiyo alikuja siku ya pili na wazee wawili wa kwao, kama inavyopasa, kumwomba Jerusa arudi. Alisema maneno mengi kuhusu hasira na kuhusu midomo ya watu. Jerusa alimsikiliza akiwa amekunja mikono.

"Baba Molly, mtu akikwambia mkeo ameiba, unaweza kuamini," akamwambia. "Lakini wewe ulimjua Jonah. Ulimcheka kila jioni. Halafu ukasikia ndiye niliyemchagua nikuache wewe, ukaona inawezekana. Mimi ulikuwa unanionaje?"

Wazee walikohoa. Jerusa hakumngojea Opiyo atafute jibu. Alikodi chumba Silibwet nyuma ya duka la mbolea, akaanza kuuza chai na mandazi kwa watu wa kituo cha majani, na maziwa akachukua kwa Janeffer. Kila Jumamosi Opiyo alikuja, akaketi kwenye benchi na wateja wengine, akanywa chai yake, akamwuliza Molly habari za shule, akaondoka. Jerusa alimhudumia kwa zamu yake, si mapema wala si kwa kuchelewesha. Iliendelea hivyo mpaka mvua kubwa za mwaka tisini na saba, zilipokata barabara na kubomoa ukuta wa kile chumba. Opiyo ndiye aliyekuja na mbao. Aliujenga ukuta siku mbili bila kuulizwa, na alipomaliza Jerusa alimwambia aingie ndani, anywee chai huko. Hawakurudi kwenye nyumba za kiwandani tena. Opiyo alikuwa akishuka kazini kutoka Silibwet, na waliomjua walisema amekuwa mtu wa kusikiliza kabla ya kujibu.

Jonah alikimbilia Sigor, kwa kanisa lingine, ambako hawakumjua. Alianza upya na ulevi. Lakini Sigor kuna soko, na soko lina wanunuzi kutoka Silibwet, na siku moja akiwa katikati ya wale mbwa na midomo yake, mtu alimwuliza kutoka nyuma kama leo tochi imekuja. Alirudi nyumbani akiwa amekonda, tai ikiwa mfukoni. Mchungaji Gekara alikuwa amekwisha kuhama na vipaza sauti vyake.

Janeffer hakumpokea kwa maneno. Alimpa kapu la kuchumia.

Walichuma pamoja majuma mengi bila mazungumzo. Asubuhi moja, wakiwa kwenye mistari miwili inayotazamana, Jonah alianza kusema bila kuinua kichwa. Alisema siku waliyopunguzwa, meneja alisoma majina kwenye ukumbi, kila mtu akaitwa akapewa blanketi lake na saa yake. Jina la Jonah alilisoma vibaya. Alisoma Joel Kipkemoi. Jonah alingoja wenzake waseme hapana, huyu ni Jonah. Watu aliofanya nao kazi miaka yote ile. Hakuna aliyesema. Alikwenda akachukua, akasema asante. Akafikiri, alisema, kwamba kama angewahi kuiba hata gunia moja la majani, jina lake wangelijua.

Mikono ya Janeffer ilisimama. Hili lilikuwa neno la kwanza la kweli ambalo mume wake alikuwa amemwambia kwa miaka, na lilimkuta hajajiandaa. Alihisi huruma ikimpanda, na nyuma yake hasira kali zaidi, kwamba mtu anaweza kubeba kitu kidogo namna ile, kitu ambacho angemwambia jikoni siku ileile na wakakimaliza kwa kikombe cha chai, akakizungusha Silibwet na Longisa mpaka kikavunja nyumba ya mwanamke aliyempa mwavuli.

"Jerusa umemwambia?" akauliza.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni hilo. Kwamba godoro lake lililala matopeni kwa sababu mtu alisoma jina vibaya."

Jonah akachuma jani jingine. Akasema ataona. Akasema si rahisi, Mama Kimeli, mtu ataanzia wapi. Janeffer akamtazama kwa muda, yule mtu aliyeweza kulia mbele ya mamia kwa ajili ya mambo ambayo hakuyafanya, akaona kwamba hatakwenda, leo wala kesho. Akamwambia majani anayochuma ni makuukuu, kituoni watayakataa, ayamwage aanze tena.